Siku Nne za Baridi ndani ya Gari la Umeme: Kutoka Buruburu hadi Nyahururu na Kurudi

Usiku wa kuamkia safari, Buruburu

Mama yangu ana miaka 71, na magoti yake huanza kumuuma mwanzoni mwa Juni, kabla hata kipupwe hakijakolea. Mdogo wake, ambaye kwangu ni mama mdogo, anaishi upande wa Ndaragwa, na alikuwa ametoka hospitalini wiki iliyotangulia. Mama alitaka kumwona kwa macho yake, wala hakukubali kusubiri hadi Septemba jua lirudi. Gari nililo nalo ni Nissan Leaf la betri ya kilowati-saa 40, lililotumika Japani kabla ya kushushwa Mombasa, na kwa umri wake sasa betri hiyo hunipa kama uniti 35 za kutumia. Nasema uniti kwa sababu kilowati-saa moja ndiyo uniti ile ile tunayoinunua kwa tokeni, na safari hii yote niliihesabu hivyo.

Watu watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walinipa ushauri mmoja: ukiona betri inashuka, zima hita. Nia yao ilikuwa njema, lakini sikuukubali. Mtu mwenye maumivu ya viungo akikaa saa mbili katika baridi ya Kinangop huteremka garini akiwa hawezi kusimama wima, na siku yake ya kesho huwa imeharibika tayari. Niliamua kwamba, iwapo kuna kitu kitakachopunguzwa, zitapunguzwa kilomita za siku, wala si joto la Mama. Kwa hiyo niliigawa safari katika siku nne, ingawa kwa gari la petroli watu huenda Nyahururu na kurudi kwa siku moja.

Ni vyema nieleze kwa nini jambo hili linahitaji hesabu. Katika gari la petroli joto ni masalio: injini huchoma mafuta, zaidi ya nusu ya nishati yake haifiki kwenye magurudumu bali hutokea kwenye rejeta na bomba la moshi, na hita ya ndani hujichotea humo bila dereva kulipa chochote zaidi. Mota ya umeme haina masalio ya kiasi hicho, kwa kuwa sehemu kubwa ya umeme inaoupokea huugeuza kuwa mwendo. Basi joto la abiria halina budi kutengenezwa kwa makusudi, na anayelitoa ni betri ile ile inayosukuma gari. Yako magari yanayolitengeneza kwa koili, kama birika la umeme, ambapo uniti moja ya umeme huzaa uniti moja ya joto. Mengine, na langu ni mojawapo, yana pampu ya joto, ambayo ni kama friji iliyogeuzwa: gusa mgongo wa friji yako jikoni utaukuta una joto, kwa sababu joto lililotolewa ndani limesukumwa nje, pampu nayo hulichota joto kidogo lililomo katika hewa ya nje, hata hewa hiyo ikiwa baridi, na kuliingiza ndani ya gari. Kwa baridi ya kadiri kama yetu, uniti moja ya umeme inaweza kuingiza uniti mbili au zaidi za joto.

Binamu yangu ni muuguzi Oslo, na nilimpigia simu usiku huo, kwa sababu Norwe ni nchi ambayo, mwaka 2024, karibu magari 9 katika kila magari mapya 10 yaliyouzwa yalikuwa ya umeme, na kule baridi hushuka chini ya sifuri kwa miezi. Aliniambia mambo mawili niliyoyashika. La kwanza, pasha gari joto likiwa bado limechomekwa ukutani, ili joto la mwanzo, ambalo ndilo ghali kuliko yote, lilipwe na soketi na si na betri. La pili, chaji mara tu unapofika, betri ikiwa bado na joto la safari, usingoje asubuhi.

Kabla ya kulala nilipima upepo wa tairi, kwa kuwa hewa ikipoa kwa nyuzi tano au sita tairi hupungua psi moja hivi, na tairi laini hula umeme. Nikaweka garini blanketi mbili, chupa ya mpira ya maji moto na thamosi ya chai.

Siku ya kwanza: Buruburu hadi Njabini

Niliwasha hita saa kumi na mbili unusu asubuhi, waya ukiwa bado ukutani. Nje palikuwa na nyuzi 13. Mama alipoingia saa moja, kiti chake kilikuwa na joto na vioo vilikuwa vikavu, na betri ilikuwa bado imejaa. Aliketi, akavuta leso yake magotini, akanyamaza kwa muda, kisha akasema, "Hapa naweza kwenda hata Nakuru." Kwangu hilo lilitosha.

Kosa langu la siku hiyo lilikuwa saa ya kutoka. Tulikwama katikati ya mji, tukakwama tena Westlands, na kufika Kangemi tulikuwa tumetumia saa moja na dakika ishirini kwa mwendo ambao kwa kawaida huchukua nusu saa. Hapo ndipo nilipoelewa jambo ambalo sijaona likielezwa vya kutosha: hita haili kwa kilomita, hula kwa saa. Mota hutumia umeme gari linaposonga tu, lakini hita hutumia umeme hata magurudumu yakiwa yamesimama. Tuchukue hita inayovuta kilowati moja. Ukienda kilomita 80 kwa saa, kilomita mia moja zitagharimu uniti moja na robo za joto. Ukitambaa kwa kilomita 20 kwa saa, kilomita zile zile mia moja zitagharimu uniti tano. Kwa mtu wa Nairobi, basi, adui wa betri mwezi wa Julai si Limuru wala Kinangop. Ni msongamano wa asubuhi. Tungetoka saa kumi na moja alfajiri tungeokoa umeme wa dakika hamsini za hita bila kumnyima Mama joto.

Nilifanya jambo moja ambalo naliona ndilo la maana zaidi katika safari nzima. Nilishusha joto la hewa kutoka nyuzi 24 hadi 19, nikaongeza joto la kiti. Kiti chenye joto hutumia makumi machache ya wati tu, kiasi cha balbu moja ya zamani, kwa kuwa kinapasha mwili uliokigusa, ilhali hita ya hewa hulazimika kupasha hewa yote, vioo, mabati na dari, na joto hilo hutoroka kupitia vioo muda wote. Nilimwekea Mama chupa ya maji moto miguuni na blanketi mapajani. Nilimuuliza kila baada ya dakika kumi kama anasikia baridi, hata akaniambia, "Mwanangu, endesha gari. Nikisikia baridi nina mdomo."

Baada ya Limuru ukungu ulifunga. Kioo cha mbele kilianza kutoa jasho kwa ndani, na nilipokuwa nimezungusha hewa ya ndani peke yake ili kuokoa joto, hali ilizidi kuwa mbaya, kwa sababu pumzi za watu wawili zina maji mengi na maji hayo hayakuwa na pa kwenda. Dawa yake ni kuruhusu hewa ya nje na kuwasha kiyoyozi pamoja na hita: kiyoyozi huikausha hewa kwa kuipoza, hita huirudishia joto, na hewa kavu yenye joto husafisha kioo kwa dakika mbili. Kazi hiyo huongeza matumizi, nami niliiona skrini ikiruka kutoka kilowati moja hadi zaidi ya mbili. Lakini dereva asiyeona barabara pale ambapo malori ya kwenda Naivasha yanapita hana haki ya kuwaza uniti.

Tulisimama Soko Mjinga kununua viazi na kabeji, kisha tukakata kulia kuelekea Njabini. Kutoka Buruburu tulikuwa tumepanda takriban mita 900. Kwa gari la uzito wa tani moja na robo tatu, pamoja na watu na viazi, kupanda huko pekee hula uniti nne na ushee, na hakuna namna ya kukwepa. Tulifika kwa kaka saa tano na nusu, tukiwa tumetumia uniti 19: kama 12 za mwendo, nne na kidogo za mlima, na zilizobaki za joto. Nilichomeka gari kabla hata sijanawa mikono.

Siku ya pili: Njabini hadi Nyahururu

Kaka aliniamsha nikaone. Nyuzi zilikuwa tano, nyasi zilikuwa nyeupe kwa sakitu pale bondeni, na majani ya viazi vya jirani yalikuwa yameanza kukunjamana. Huku ndiko yanakotoka maji ya Bwawa la Sasumua yanayonywewa Nairobi, na asubuhi kama hiyo mtu huelewa ni kwa nini yakifika huwa baridi vile.

Nilikuwa na hofu kuhusu betri yenyewe. Betri za lithiamu hupungukiwa na nguvu kwa baridi kali, kwa sababu mwendo wa kikemia ndani yake hupungua kasi, na chini ya sifuri hazipaswi kuchajiwa kwa haraka, maana lithiamu huweza kujibandika kama tabaka la metali badala ya kuingia mahali pake. Lakini betri ni mzigo wa kilo zaidi ya mia mbili, na iliyochajiwa usiku kucha haipoi upesi. Njabini haikuiumiza.

Kaka alikuwa na shaka, nami nilimpa takwimu ninazoziamini. Mwaka 2019 Chama cha Magari cha Marekani, AAA, kilipima magari matano ya umeme kwenye baridi ya karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Hita ikiwa imezimwa, masafa yalipungua kwa wastani wa asilimia 12 tu. Hita ikiwa imewashwa, yalipungua kwa asilimia 41. Maana yake ni kwamba hata katika baridi ambayo Kinangop haijaizoea, kinachokula safari zaidi si betri kupoa bali ni kupasha chumba cha abiria. Kwa hiyo mwenye kujua kupasha watu bila kupasha hewa nyingi amelishughulikia tatizo kubwa zaidi.

Barabara ya Ol Kalou ilikuwa tupu na tulivu, kulia kwetu milima ya Aberdare ikiwa imejifunika. Tulienda kilomita 70 kwa saa. Tulifika Nyahururu saa saba mchana na uniti 17 mkononi.

Usiku huo ndipo mambo yalipoharibika. Nyumba ya wageni tuliyolala iliniruhusu nitumie soketi ya uani kwa malipo, lakini saa mbili usiku, wageni walipoanza kuoga kwa maji ya umeme, swichi kuu iliruka. Iliwashwa, ikaruka tena. Mlinzi hakunieleza lolote, na niligundua alfajiri kwamba tangu saa nne usiku gari lilikuwa limechomekwa kwenye ukuta usio na umeme. Nilikuwa nimepata uniti sita tu.

Siku ya tatu: Nyahururu, Ndaragwa na usiku wa barabarani

Nilikuwa na uniti 23. Kwenda kwa mama mdogo na kurudi ni takriban kilomita 70, yaani kama uniti 11 za mwendo na mbili za joto. Zilitosha. Asubuhi Mama alitaka kwanza kuyaona maporomoko, yale yenye mita 74, ambayo hakuwa ameyaona tangu ujana wake. Alisimama kwenye uzio dakika tano, akatetemeka, akarudi garini.

Mkutano wa dada wawili si wangu kuusimulia. Nitasema tu kwamba walikaa jikoni kando ya moto wa kuni hadi saa kumi na moja jioni, na kwamba mama mdogo alikula.

Saa kumi na mbili, tukiwa tumebakisha kilomita 25 hivi kufika Nyahururu, tulikuta lori la mbao limelala kukatiza barabara. Hakuna aliyekuwa ameumia, lakini hapakuwa na njia pembeni, kwa kuwa mvua ilikuwa imegeuza ukingo kuwa tope. Nyuma yetu kulikuwa na matatu mbili na pikipiki kadhaa. Giza liliingia. Kipimo cha nje kilionyesha nyuzi 9, kisha 8.

Moyo ulinienda mbio, nakiri. Nilikuwa na uniti 12. Nilitaka kuzima kila kitu, jambo ambalo nilikuwa nimeapa sitalifanya. Nikachukua kalamu nikaandika nyuma ya risiti: kufika Nyahururu, uniti nne, akiba ya dharura, mbili, zinazobaki, sita. Gari likiwa limesimama, hita ikiwa kwenye nyuzi 19 na viti viwili vikiwa vimewashwa, skrini ilionyesha matumizi ya chini kidogo ya kilowati moja. Uniti sita zingetupa joto kwa zaidi ya saa sita. Niliipitia hesabu mara mbili, nikairudisha kalamu mfukoni, hita nikaiacha inavyofanya kazi.

Nilikumbuka pia lile tukio la Januari 2022 katika jimbo la Virginia, Marekani, theluji ilipofunga barabara kuu ya I-95 na wasafiri wakakwama, wengine kwa zaidi ya saa ishirini na nne. Baada yake watu wengi walisema magari ya umeme yangewaua abiria kwa baridi. Hesabu yangu kwenye risiti haisemi hivyo. Gari lililosimama halina kazi nyingine ila kupasha watu wake, na hata kwenye baridi ya theluji, ambapo hita huweza kuhitaji kilowati mbili, betri iliyojaa hukesha nalo usiku kucha. Hatari ni kwa aliyeingia barabarani na betri iliyokwisha, sawa na aliyeingia na tangi tupu.

Katika matatu iliyotufuata kulikuwa na msichana aliyembeba mtoto wa miezi michache. Dereva wao alikuwa amezima injini ili kuokoa mafuta, na kioo kimoja cha dirisha hakikufunga. Mama ndiye aliyewaona. "Mwanangu, mfungulie huyo mtoto aingie," akaniambia. Waliingia nyuma, pamoja na mwanafunzi mmoja aliyekuwa amevaa sare na sweta nyembamba. Niliongeza feni kidogo kwa ajili yao.

Makanga wa matatu hiyo alikuja dirishani akiwa na wasiwasi wa kweli, nami nilimheshimu kwa hilo. Aliuliza kama watu watano kufungiwa ndani ya gari linalofanya kazi si hatari, kwa kuwa alimjua mtu aliyekufa kwa moshi garini. Nilimwonyesha nyuma: hakuna bomba la moshi. Kila kipupwe tunasikia habari za familia zilizoingiza jiko la makaa chumbani, zikafunga madirisha na zisiamke, kwa sababu ya gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Injini ya petroli inayonguruma mahali palipofungika hutoa gesi hiyo hiyo. Gari la umeme haliunguzi kitu, kwa hiyo mtoto anaweza kulala ndani yake, hita ikiwaka, bila ya mtu kukesha akimsikiliza anavyopumua. Hata hivyo niliacha dirisha moja wazi kwa upana wa kidole, ili hewa ibadilike na vioo visijae maji. Naliona jambo hili kuwa kubwa kuliko yote yanayosemwa kuhusu magari haya, na nashangaa kwamba huku kwetu, ambako jiko limeua wengi, halisemwi.

Mtoto alilala. Mwanafunzi alikunywa chai yetu. Lori liliondolewa kwa trekta saa tatu na dakika kumi, na saa tatu hizo zote zilikuwa zimetugharimu uniti tatu kasorobo. Tulimrudisha msichana na mwanawe kwenye matatu yao, Mama akamfunika mtoto kwa leso yake wala hakuidai. Tuliingia Nyahururu saa nne kasorobo na uniti tano. Nilizungumza na mwenye nyumba ya wageni mwenyewe, akanipa soketi ya jikoni, yenye laini yake peke yake, na nikatumia waya mnene uliokuja na gari bila ekstensheni, kwa kuwa waya mwembamba hupata moto ukivutwa umeme mwingi kwa saa nyingi. Kila nilipoamka usiku nilikwenda kuigusa soketi. Ilikuwa vuguvugu, haikuwa moto.

Siku ya nne: Nyahururu hadi Buruburu

Tuliondoka saa nne asubuhi, makusudi, ili betri ipate saa kumi na mbili kamili. Ilikuwa na uniti 30. Kupitia Ol Kalou hadi Gilgil tulikuwa tukishuka, na mota ikigeuka kuwa jenereta ilirudisha sehemu ya umeme kila mteremko. Bonde la Ufa lilitupokea kwa jua. Karibu na Naivasha kipimo kilionyesha nyuzi 22, nikazima hita kwa mara ya kwanza tangu Buruburu, kwa sababu Mama alianza kuvua sweta.

Tulikula samaki Naivasha, na mwenye mkahawa alituruhusu tuchaji kwa saa tatu. Nilimwonyesha Mama mvuke wa Olkaria ulioonekana kwa mbali, nikamweleza kwamba umeme wa mvuke umekuwa ukizalishwa pale tangu 1981 na kwamba sehemu ya umeme unaotoka kwenye soketi zetu huanzia chini ya miamba ile yenye moto. Alitafakari, kisha akauliza, "Kwa hiyo joto la kiti changu limetoka ardhini?" Nikamjibu kwamba sehemu yake, naam.

Saa kumi jioni tuliupanda ukingo wa bonde. Nilipasha gari kabla ya kuchomoa waya, nikashusha hewa hadi 19, nikawasha kiti. Ukungu ulikuwa ukitungoja juu, lakini sasa nilijua la kufanya na kioo. Kutoka Limuru kushuka mjini Mama alilala, kichwa kikiwa kimeegemea blanketi. Sikuupita mji saa ya msongamano: tulikuwa tumekaa Limuru tukinywa chai hadi saa mbili usiku barabara ikafunguka.

Buruburu, saa tatu na robo. Uniti sita zimebaki, nje nyuzi 14. Mama aliamka nilipofungua mlango, akashuka mwenyewe bila kushika mkono wangu, akapanda ngazi tatu za barazani. Nami nikaenda kuchomeka gari, betri ikiwa bado na joto.